Dada Tulia, Mpiga Picha za Ubongo

(3 Mei 1958 – 14 Juni 2023)

Ndugu, majirani, na ninyi wa hospitali mliokuja na sare zenu kwa sababu zamu inawasubiri: asanteni kwa kutushika mkono. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, ambaye pia ndiye aliyeuchapa, kwa hiyo makosa ya chapa yapelekwe kwake. Humu ataitwa "mdogo wake", wala hamtamsikia akisema "mimi". Hayo ni maagizo. Marehemu alimwonya akiwa kitandani: "Siku hiyo usije ukasimama mbele za watu na mimi-mimi zako. Siku hiyo ni yangu." Basi na iwe yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 katika mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, nyumba ya tatu kutoka lango la magari. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mtunza ghala wa kiwanda hicho na mkewe, aliyekuwa mshona nguo. Waliofuata wawili hawakukaa. Ndipo mwaka 1968 akaja mdogo wake, na dada mtu akamdaka kama mali iliyopotea ikaonekana. Alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mbebwaji ikawa inaburuzika chini na majirani wakauliza nani anambeba nani. Waliokulia mtaa ule wanakumbuka kwamba siku za kuchemsha mafuta hata chai ilinukia sabuni. Tuliudhika nayo wakati ule. Leo kiwanda ni maghala ya mtu mwingine, na kuna siku mtu anatamani harufu ile angalau kwa dakika moja.

Baba alikuwa mtu wa kuhesabu. Kila jioni aliweka funguo zake juu ya kabati, akavua viatu, akauliza habari za nyumba kama anayekagua shehena. Alikuwa na msemo wake: "Kisichoonekana hakimo ghalani." Mtoto akisema tumbo linamuuma, baba alitaka aonyeshwe linapouma. Akisema ameonewa shuleni, baba alitaka alama. Hakuwa mkali kwa fimbo, alikuwa mkali kwa ushahidi.

Shule ya msingi marehemu alisoma ile iliyopakana na reli, kisha sekondari ya wasichana, ambako aliipenda fizikia kuliko wenzake walivyopenda likizo. Mama alipomwaga kopo la pini sakafuni, marehemu alikuja na sumaku ya maabara ya shule, akazikusanya zote kabla mama hajamaliza kulalamika. Marehemu siku zote alisema sumaku ile aliiazima. Mwalimu wa fizikia alitumia neno jingine. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha upigaji eksirei, akahitimu mwaka 1979, na Oktoba mwaka huohuo akaajiriwa katika hospitali kubwa ya mji, kwenye chumba cha chini ya ngazi ambacho balbu yake iliwaka ikipenda.

Mama yetu alifariki mwaka 1984. Mdogo wake alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo aliyemkagua shingo kama ameoga, aliyemtafutia kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, na aliyemfokea alipoanza kuvuta sigara, alikuwa dada. Baba alizika mke wake, na kesho yake akaenda kazini. Watu walimsifu sana. Walisema huyo ndiye mwanaume. Nasi nyumbani tukamsifu.

Mwaka 1996 hospitali ilipata mashine ya MRI, na marehemu alikuwa wa kwanza kufundishwa kuitumia. Kwa wasioijua, ni sumaku kubwa yenye tundu la kuingia mtu mzima. Haitumii mionzi kama eksirei. Mgonjwa analazwa, kichwa kinawekwa ndani ya kizimba cha plastiki, anasukumwa humo tunduni, kisha mashine inagonga na kukoroma kana kwamba mafundi bati wanagombana ndani yake. Ukitikisika, picha inaharibika. Kwa hiyo marehemu alikaa nyuma ya kioo na kipaza sauti akirudia neno moja: "Tulia. Tulia, nipo hapa. Tulia, bado kidogo." Wagonjwa wakamwita Dada Tulia, wauguzi wakadakia, na baada ya mwaka mmoja hata mhasibu alisahau jina lake la kwenye hundi.

Ni mashine hiyo iliyomletea mume. Msafisha sakafu mmoja mgeni aliingia na ndoo ya bati mle chumbani. Ndoo ilimtoka mkononi, ikaruka na maji yake, ikanasa kwenye mdomo wa mashine. Hakuumia mtu, ila ilibidi aitwe fundi kutoka kwa waliouza mashine. Akaja mwanaume mpole, mjane, mwenye watoto wawili na suruali isiyo na zipu ya chuma. Kazi ya siku moja aliifanya siku tatu. Marehemu, ambaye mashangazi walikwisha kumkatia tamaa, alimwambia siku ya tatu: "Kama ni ndoo, imetoka jana. Sema unalotaka." Alisema. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998. Watoto wale wawili marehemu aliwalea na kuwasuta kama wake wa kuzaa, na neno "wa kambo" halikupata mlango katika nyumba ile.

Sasa tufike mwaka 2001, ambao marehemu mwenyewe alitaka usirukwe. "Watu wanaruka palepale panapohitajika kusemwa," alisema.

Mwaka huo mdogo wake aliumwa. Hakuwa na homa wala jeraha. Aliacha kula, akaacha kwenda kazini, akawa anakaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi hadi mchana, asijue akivae au akiweke. Alikuwa amerudi kuishi kwa baba. Baba alisimama mlangoni akamtazama. "Kijana mzima. Mikono miwili, miguu miwili. Unaumwa wapi?" Mdogo wake hakuwa na pa kuonyesha. Baba akahitimisha kwamba ni uvivu, akalisema jambo hilo kila siku, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Ilitokea kwamba mwaka uleule daktari mmoja wa magonjwa ya akili alianzisha utafiti pale hospitalini. Alitaka kujua ubongo wa mtu mwenye sonona kali unatofautianaje na wa asiye nayo, na picha zote zilipigwa na Dada Tulia. Daktari huyo hakuweza kumaliza sentensi bila kusema "kwa wastani", na marehemu alimbandika jina hilo, Daktari Wastani. Yupo hapa leo, amezeeka vizuri, kwa wastani.

Marehemu alimpeleka mdogo wake. Daktari alimhoji, akasema ndiyo, hii ni sonona, tena kali. Aanze dawa, na akipenda aingie kwenye utafiti. Aliingia. Alilala tunduni muda wote uliotakiwa bila kutikisika hata kope, kwa kuwa kutotikisika ndiyo kazi pekee aliyokuwa anaiweza siku zile. Dada akaona mwanga. Alimwambia baba: "Safari hii, baba, utaiona kwa macho yako." Daktari Wastani alimwonya. Alimweleza kwamba picha ya mtu mmoja haitamwambia kitu. Ni mpaka uweke kundi la wagonjwa kando ya kundi la wazima, ujumlishe na ugawe, ndipo tofauti ndogo ndogo zinajitokeza. Marehemu alimsikia, ila hakumsikiliza. Mtu anayetaka kumwokoa nduguye hasikilizi habari za wastani.

Aliomba nakala ya picha, akaenda nayo nyumbani Jumapili moja mchana. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaivalia miwani, akaiinua dirishani. Mdogo wake alikuwa amekaa mezani pamoja nao.

"Ndio huu ubongo wake?"

"Ndio, baba."

"Kasoro iko wapi?"

Marehemu alisogea. Alikuwa amekwisha kuitazama picha ile kazini mara nyingi, akijipa moyo kwamba jicho lake lina haraka. Aliitafuta tena kasoro pale dirishani, kidole kikitembea juu ya plastiki. Hapakuwa na uvimbe, kovu wala doa. Ulikuwa ubongo safi, wa kupigiwa mfano darasani.

"Haionekani," alisema.

"Basi mzima," baba akasema, akairudisha picha kwenye bahasha. Wala hakusema kwa kebehi. Alikuwa amefurahi, masikini, kama mzazi yeyote aliyeambiwa mwanawe hana kitu.

Mdogo wake akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe sina kitu," akasema. "Kumbe ni mimi tu."

Siku zilizofuata mdogo wake alionekana ana nafuu, na hapo wengi wangeshukuru. Alimrudishia jirani nyundo aliyoiazima zamani. Alimpa mlinzi wa kiwanda cha uchapaji viatu vyake vizuri. Alipanga nguo zake, akafuta vumbi juu ya kabati la baba. Baba aliarifu kwa simu kwamba kijana amepata akili. Marehemu, badala ya kufurahi, aliacha kipaza sauti mikononi mwa mwenzake, akachukua teksi akiwa na koti la kazini, akaingia chumbani kwa mdogo wake bila kubisha hodi. Akaketi kitandani. Akamuuliza lile swali ambalo sote tuliamini ukilitamka utamwita shetani.

"Unataka kufa?"

Mdogo wake akajibu, "Ndiyo."

"Haya. Vaa shati, tunaenda wote. Sikuachi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yote. Alimvalisha mwenyewe, vifungo vikakosana, wakaenda hivyohivyo. Mdogo wake alilazwa hospitalini wiki kadhaa, akabadilishiwa dawa, akapata mtu wa kuzungumza naye. Na siku ile mlangoni pa nyumba, wakati wanatoka, baba aliyekuwa amesimama na funguo zake mkononi aliuliza kwani picha si ilisema mzima. Marehemu alimjibu kwa sauti ambayo hakuwahi kumtolea baba maishani: "Picha haikusema mzima. Picha ilisema haijui. Na mimi niliyeileta nilijua kwamba haijui."

Baba alibaki nyumbani peke yake. Kisha siku moja alijitokeza hospitalini amevaa koti la harusi. Alikuwa amesikia kwamba utafiti unakosa wazee wazima wa kulinganisha na wagonjwa. "Mnatafuta mtu mzima?" alimwambia marehemu kwenye korido. "Basi acheni kutafuta." Alidhani hiyo ndiyo njia ya kumsaidia mwanawe, kutoa ubongo mzima ili ule mwingine upate wa kupimwa nao. Huo ndio ulikuwa upendo wake.

Ila kabla ya kupigwa picha, kila aliyejitolea kuwa mzima alihojiwa kwanza na muuguzi wa utafiti, kwa faragha, kuhakikisha kwamba kweli ni mzima. Marehemu akabaki nje na gauni la kuvaa baba, akimsubiri kwa tabasamu. Mahojiano yakarefuka. Muuguzi alipotoka alikuwa na macho mekundu. "Dada Tulia," alisema, "mzee wetu hatutaweza kumweka kundi la wazima."

Baba alikuwa benchini, kofia magotini. "Wamenikataa," alimwambia binti yake.

"Kwa nini, baba?"

"Sijui. Nimejibu ukweli tu. Kaniuliza kama nimewahi kukaa wiki mbili bila kufurahia kitu. Nikamuuliza, ni wiki zipi ambazo sivyo?"

Marehemu akaweka gauni chini.

"Kaniuliza usingizi. Nikamwambia naamka saa tisa usiku, natazama dari mpaka kuche, tangu mama yenu aondoke. Kaniuliza kama huwa natamani nisiamke. Nikamwambia, mama, si kila mtu?" Akamtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza alionekana kama anayeomba aelekezwe njia. "Kwani si kila mtu?"

"Hapana, baba," akasema marehemu. "Si kila mtu."

Miaka kumi na saba. Mtunza ghala alikuwa ametembea na sonona yake ndani ya koti, akienda kazini na kurudi, nasi tukimpigia makofi kwa ushujaa. Mficha maradhi, wahenga walishasema, lakini huyu hata hakuwa anaficha. Alidhani ndiyo maisha yalivyo.

Jioni ile baba aliingia wodini alikolazwa mwanawe. Alisimama kidogo, kisha akasema, "Sogea." Mdogo wake akasogea. Baba akapanda kitandani na koti lake la harusi, wakakaa bega kwa bega wakitazama ukuta. Kisha baba akasema, "Nilidhani wote mnaamka hivi. Nikawa nakushangaa wewe tu kwa nini unashindwa." Mdogo wake alianza kulia, na haikuwa mara ya kwanza mwaka ule, ila ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja na mtu.

Baba alipigwa picha hatimaye, kwenye kundi lile jingine. Kutoka tunduni, sauti yake ilisikika kwenye spika: "Kijana alikaa humu muda wote huu?" Marehemu akasema ndiyo. "Bila kulalamika?" Ndiyo, baba, tulia. Akatulia. Naye alianza dawa, akaanza kulala, na miaka yake ya mwisho hadi alipofariki mwaka 2012 alikuwa baba tuliyemsahau tangu utotoni, mwenye kupiga miluzi akivua viatu.

Utafiti ulimalizika, na marehemu aliusimulia kwa kila aliyekubali kukaa. Kwamba kwa wastani sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayotunza kumbukumbu ilikuwa imepungua kidogo kwa walioumwa sana, na kwamba sehemu ya mbele na zile za ndani zilikuwa hazisikilizani vizuri. Alijivunia kazi ile, na hakuwahi kuidharau mashine yake. Lakini hakumkabidhi tena mtu picha bila kwanza kukaa naye. Na alianzisha mtindo mmoja ambao uliwachosha wengi wenu. Ukimsalimu "habari za asubuhi", naye akakuuliza zako, ukajibu "nzuri", alikushika mkono na kusema: "Hiyo ni ya mazoea. Nipe yenyewe." Foleni ya wagonjwa ilisimama kwa ajili hiyo. Wako waliokasirika. Wako waliokaa chini palepale kwenye korido wakampa yenyewe, na baadhi yao wapo hapa.

Alistaafu mwaka 2018. Wafanyakazi walimpa saa ya ukutani, akasema wangempa kile kipaza sauti. Alifuga kuku, akawaita majina ya madaktari, akawa anatupigia simu kutuarifu Daktari Wastani ametaga.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Iligundulika kwamba moyo umepanuka na umechoka. Aliugua kwa ukarimu, tuseme hivyo. Wauguzi vijana wa wodi walikuja kumpima presha na wakaondoka wamepimwa wao. Mumewe alihamishia kiti chake kando ya kitanda, akarekebisha kila kilichokuwa kinalia katika chumba kile, kuanzia bawaba za dirisha.

Siku zile mdogo wake alimuuliza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kumuuliza tangu mwaka 2001. "Dada, ile picha yangu. Ulipoitazama pale dirishani, uliona nini?"

Marehemu alivuta pumzi, maana kila sentensi ilimgharimu. "Niliona ubongo mzuri," akasema. "Nikaogopa kuliko siku zote. Nikajua mashine imefika mwisho wake, na aliyebaki ni mimi."

Alifariki tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi, mume wake ameshika mkono mmoja na mdogo wake mwingine. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Marehemu ameacha mume, fundi wa mashine. Ameacha watoto wawili, binti muuguzi na kijana fundi umeme, na wajukuu wanne. Ameacha kuku, ambao mgawanyo wao utajadiliwa na familia bila kelele. Ameacha watu wengi mjini humu waliolala tunduni wakisikia sauti yake. Na ameacha mdogo mmoja wa kiume, mwenye umri wa miaka hamsini na mitano, ambaye yu hai.

Na atulie sasa, kwa amani.